Ajali na Kiti

Methali ni mali ya wote, na kama mali yo yote huweza kutumiwa kwa faida au kwa hasara. Ziko methali zinazomwamsha mtu aliyelala, na ziko zinazomlaza mtu aliyekwisha kuamka. Katika barabara za Afrika ya Mashariki methali itumiwayo sana kwa kazi hii ya pili ni ile isemayo ajali haina kinga. Basi likiacha njia na kuingia korongoni, maneno matatu hayo hufika kabla ya polisi na kabla ya mganga. Yakisha kutamkwa, vinywa hufumbwa, macho huinamishwa, na maswali ambayo yangaliweza kuulizwa huzikwa pamoja na maiti.

Lakini neno ajali lina nasaba yake. Katika Kiarabu, lilikotoka, maana yake ni muda uliowekwa, kikomo cha siku za kiumbe. Kiswahili kililipokea pamoja na maana hiyo, kisha likatanuka likawa msiba wo wote usiotazamiwa, na leo kwa watu wengi ni mgongano wa magari tu. Methali ikisomwa kwa maana ya asili ina heshima yake: siku ya mtu ikifika haizuiliki, na hekima hii si ya kubishiwa. Ikisomwa kwa maana ya leo husema jambo lingine kabisa, yaani kwamba chuma kikigongana na chuma hapana la kufanywa kwa ajili ya mwili uliomo ndani. Maana ya kwanza ni imani. Maana ya pili ni habari ya mambo yawezayo kupimwa, na yamekwisha kupimwa. Shahidi wa vipimo hivyo ni chombo kinyonge ambacho msafiri hukikalia na kukisahau, nacho ni kiti.

Watu husema kwamba mwendo huua. Kwa hakika mwendo peke yake haumdhuru mtu. Abiria wa ndege huenda kilomita 900 kwa saa, naye hunywa chai asimwage hata tone. Kimdhurucho mtu ni kusimama, tena si kusimama tu, bali kusimama ghafula. Gari liendalo kilomita 54 kwa saa hupita mita 15 katika kila sekunde, na mtu aliyemo huenda kwa mwendo huo huo ijapokuwa ameketi kimya. Mwendo huo ndio aupatao mkwezi aangukaye kutoka mnazi wa mita 11 na nusu, wakati anapoifikia ardhi. Kila mtu wa pwani ajua kwamba mkwezi aangukaye juu ya mchanga uliotifuka, na mkwezi aangukaye juu ya jiwe, hawana bahati moja, ingawa wamefika chini kwa mwendo mmoja. Mchanga humpa mtu nafasi ya kusimama, jiwe humnyima.

Nafasi hiyo huhesabika. Mtu aendaye mita 15 kwa sekunde akisimamishwa katika sentimita 5, mwili wake hupata nguvu ya kiasi cha uzito wake mara 230. Akisimamishwa katika sentimita 50, nguvu hiyo hushuka ikawa uzito wake mara 23. Kwa mtu wa kilo 60 tofauti ni kama kubeba kilo 13,800 na kubeba kilo 1,380. Mzigo wa kwanza hapana mwili uwezao kuustahimili. Wa pili, ukitandazwa vema juu ya mifupa yenye nguvu na ukidumu kitambo kidogo sana, mtu huweza kuubeba na kuishi. Mwendo wa gari haukupunguzwa hata kidogo. Kilichoongezwa ni sentimita 45. Wahenga waliposema haraka haraka haina baraka waliwaonya wanaokimbia, na kumbe onyo hilo lawahusu vile vile wanaosimama.

Miongoni mwa watu wa kwanza kuyachungua mambo haya alikuwa Hugh DeHaven, Mmarekani. Mwaka 1917 alikuwa akijifunza urubani Kanada, katika jeshi la anga la Uingereza, ndege yake ilipogongana na nyingine angani. Alitoka hai, lakini na majeraha makubwa ya tumboni, na alipoyatafakari aliona kwamba yaliletwa na kifungo cha mkanda uliokusudiwa kumlinda. Miaka mingi baadaye alifuatia habari za watu walioanguka kutoka juu ya majengo marefu wakapona, na mwaka 1942 akachapisha uchunguzi wake juu ya maanguko ya futi 50 hadi 150, yaani mita 15 hadi 45. Watu wa namna hiyo husemwa kuwa wameokoka kwa mwujiza. DeHaven hakushindana na neno hilo. Alitaka kujua kina cha shimo. Huyu aliangukia udongo laini wa bustani, udongo ukabonyea. Yule aliangukia sanduku la bati la kupitishia hewa, likapondeka chini yake. Chini ya kila mwujiza palikuwa na sentimita kadhaa za kitu kilichokubali kuumia badala ya mtu.

Mwingine alikuwa John Paul Stapp, daktari wa jeshi la anga la Marekani, ambaye aliufanya mwili wake mwenyewe kuwa mizani. Tarehe 10 Desemba 1954, katika jangwa la New Mexico, alifungwa katika kiti juu ya kigari cha reli kisukumwacho na roketi. Kigari kilifikia mwendo wa maili 632 kwa saa, yaani kilomita zaidi ya 1,000, kikasimamishwa katika muda wa sekunde 1.4. Kwa kitambo katika muda huo mwili wake ulipata nguvu ya uzito wake mara 46. Macho yake yalijaa damu asione, lakini kuona kulimrudia, naye aliishi mpaka mwaka 1999. Katika majaribio yake ya awali, yaliyoanza mwaka 1947, aliwahi kukalia kiti kilichogeuzwa kikatazama nyuma, na ikadhihirika kwamba mtu hustahimili zaidi kusimama kwa ghafula kama mgongo wake wote umeegemezwa. Stapp alitambua tena kwamba wanajeshi wa anga waliuawa na motokaa zao barabarani kama walivyouawa na ndege zao, akaipeleka elimu yake kwa watengenezaji wa magari. Rais Lyndon Johnson alipotia sahihi sheria ya usalama wa magari mwezi wa Septemba 1966, Stapp alikuwapo.

Kutokana na kazi ya watu kama hawa ilijulikana kwamba mwili wa mwanadamu si dhaifu kama ulivyodhaniwa. Mara nyingi kilichokuwa dhaifu ni kile alichokalia. Kiti chema cha safari kina kazi tatu. Ya kwanza ni kushikamana na sakafu ya gari, kisiachane nayo hata pigo likiwa kubwa. Ya pili ni kumshika mtu, na katika kazi hii msaidizi wake ni mkanda wa ncha tatu uliobuniwa mwaka 1959 na Nils Bohlin, Mswidi wa kampuni ya Volvo, ambaye kabla ya hapo alikuwa akitengeneza viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege zilizoharibika. Kazi ya tatu ni kubonyea kwa kipimo. Ya kwanza na ya tatu huonekana kama zapingana, na ugumu wa ufundi wote umo katika kuzipatanisha. Kiti kilicho dhaifu hung'oka, kikamtupa aliyekikalia na kumponda aliye mbele yake. Kiti kilicho kigumu kama jiwe hakimtupi mtu, bali humfikishia pigo lote la gari bila kulipunguza. Kinachofaa ni chuma kinachokataa mpaka kiasi fulani, kisha kikakubali polepole.

Wala kubonyea huku si kule kwa godoro. Kitanda cha kamba, kile kiitwacho teremka tukaze, humpokea mchovu kwa upole, lakini akijitupa juu yake kwa kishindo humrusha. Kamba na springi ni wakopaji waaminifu: nguvu wanayoikopa huirudisha. Katika mgongano deni la namna hiyo halifai kulipwa, maana mtu aliyekwisha kupigwa upande mmoja angepigwa tena upande wa pili. Kiti kilindacho maisha huikopa nguvu ya pigo na kuila. Chuma chake hupinda kisinyooke, na sponji yake hupondeka isiinuke. Kwa hiyo kiti hicho hufanya kazi yake kubwa mara moja tu katika umri wake, na baada ya hapo hakifai tena mpaka kimebadilishwa.

Mfano ulio wazi ni kiti cha rubani wa helikopta. Helikopta ikianguka, pigo humjia mtu kutoka chini, likapanda katika uti wa mgongo kama nyundo juu ya msumari. Katika helikopta za Black Hawk, zilizoanza kutumika katika jeshi la Marekani mwaka 1979, kiti cha rubani kimeshikizwa katika nguzo. Kikipatwa na kishindo huteremka juu ya nguzo hizo kiasi cha sentimita 30, huku vyuma vilivyowekwa makusudi vikipindwa na kuharibika, na kipimo chake kimewekwa ili mtu asipate nguvu inayozidi sana uzito wake mara 14 na nusu. Aliyekitengeneza hakuahidi kwamba helikopta haitaanguka. Alichukua kuanguka kuwa jambo litakalotokea, kisha akatayarisha sentimita 30 kwa ajili ya siku hiyo.

Barabarani liko pigo lingine ambalo watu hulidharau, nalo ni lile la nyuma. Gari lililosimama likigongwa nyuma, kiti humsukuma mtu mbele kwa nguvu, mwili ukaenda na kichwa kikabaki, na shingo iliyo kati yao hupindwa kama ufito. Mwaka 1997 kampuni ya Saab ilitoa kiti ambacho mtu akikisukuma kwa mgongo wake katika pigo la namna hii, kiegemeo cha kichwa huja juu na mbele kukilaki kichwa. Mwaka 1998 Volvo walitoa kiti ambacho mgongo wake hurudi nyuma pamoja na mtu, kisha hulala kidogo, na kipande cha chuma kilichomo katika maungio hupinda kikala sehemu ya pigo. Hapa tena kipande kidogo huharibika ili shingo isiharibike.

Hata hivyo kipimo ni lazima kiwe na mpimwa. Kwa miaka mingi sanamu aliyekalishwa katika majaribio ya pigo la nyuma alikuwa na umbo la mwanamume wa wastani, hali wanawake ndio waumiao shingo zaidi katika migongano hiyo. Ilikuwa mwaka 2022, nchini Uswidi, ndipo Profesa Astrid Linder na wenzake walipotokeza sanamu wa mwanamke wa wastani kwa majaribio haya, mwenye urefu wa sentimita 162 na uzito wa kilo 62. Jambo hili linastahili kufikiriwa na kila anayesema kwamba ajali haichagui. Mgongano hauchagui, lakini kinga huchagua, maana kiti humlinda vizuri yule ambaye fundi alimfikiria alipokuwa akikichora. Yule aliyesahauliwa katika mchoro hukumbukwa na maumivu.

Mtoto mchanga naye alisahauliwa kwa muda mrefu. Mama apandaye gari na mtoto mapajani huamini kwamba mikono yake ndiyo kiti bora kuliko vyote, na kwa upendo hana mpinzani. Lakini hesabu haisikilizi upendo. Katika pigo lile la uzito mara 23, mtoto wa kilo 8 huwa mzigo wa kilo 184, na hapana mikono ya mama wala ya baba iwezayo kuuzuia. Mwaka 1964 Bertil Aldman, daktari Mswidi, alitengeneza kiti cha mtoto kinachotazama nyuma, baada ya kuona jinsi wanaanga wa Marekani walivyolazwa chali katika vyombo vyao ili mgongo mzima upokee nguvu. Alichokijua Stapp kwa mwili wake mwenyewe kikawa kinga ya mtoto mwenye kichwa kizito na shingo changa.

Huenda msomaji akasema kwamba hizi ni habari za rubani wa jeshi na mwenye motokaa ya thamani, na kwamba mtu wa basi hana fungu. Mabasi ya shule ya Marekani yatoa jibu. Zamani viti vyake vingi vilikuwa na mgongo mfupi, na juu yake bomba tupu la chuma la kushikia, ambalo basi lilipogonga liliyapokea meno na nyuso za watoto. Tangu Aprili 1977 sheria ilitaka mabasi mapya yawe na viti vya mgongo mrefu, vilivyofunikwa kwa sponji mbele na nyuma, vilivyokaribiana, vyenye vyuma vinavyopinda kwa kipimo. Mtoto akirushwa mbele hupokewa na mgongo wa kiti kilicho mbele yake, kama yai linavyopokewa na chumba chake katika trei. Mpango huu una mipaka: basi likipinduka, au likipigwa ubavuni, yai hutoka katika chumba chake, na ndiyo sababu mkanda unahitajiwa pia. Lakini kiti cha namna hiyo hakina mashine ndani yake. Kina chuma, sponji na kipimo, na vitu hivi vitatu si vigeni katika karakana za Nairobi, Dar es Salaam au Kampala.

Bomba tupu la chuma lililoondolewa katika viti vile lingali likionekana katika mabasi mengi ya Afrika ya Mashariki, likishikwa na abiria kwa shukrani katika kila kona. Mabasi mengi ya nchi hizi hujengwa na mafundi wa hapa hapa juu ya fremu za malori, na idadi ya viti hukatwa kwa hesabu ya nauli. Serikali zimejaribu kusahihisha. Nchini Kenya, katika mwezi wa Februari 1, 2004, zilianza kutekelezwa kanuni za waziri John Michuki, zilizotaka mikanda katika viti vya matatu na mabasi, na vidhibiti mwendo visivyoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Kanuni hizo zilikuwa na maana kubwa, kwa sababu zilikiri hadharani kwamba ajali ina kinga. Lakini mkanda ni mnyororo wenye pete nyingi. Nguvu yake haizidi nguvu ya kiti ulikofungwa, nguvu ya kiti haizidi ya bolti zake, na nguvu ya bolti haizidi ya sakafu iliyotobolewa kuipokea. Mkanda mpya juu ya kiti kilichopachikwa katika bati lililoliwa na kutu ni kufuli imara juu ya mlango wa makuti.

Hapa ndipo methali inapodhuru. Mwenye basi anayeamini kwamba ajali haina kinga huona bolti ya ziada kuwa gharama isiyo na faida, na fundi anayeamini hivyo hukaza bolti mbili mahali pa nne kwa moyo mweupe. Abiria anayeamini hivyo hukalia kiti kinachotikisika kutoka Mombasa hadi Malaba asiseme neno, kwa kuwa kusema kungekuwa kama kushindana na kudra. Hapana hata mmoja wao aliyekusudia mabaya. Wote watatu wamelipa neno la imani kazi ya fundi, na kazi hiyo imebaki bila kufanywa.

Haifai kuitupa methali kwa sababu ya kosa la watumiaji wake. Yafaa irudishwe mahali pake, katika maana yake ya asili, iwafariji wafiwa kama ilivyofanya siku zote. Mahali pa mgongano pawe na maneno mengine. Basi likianguka, na majeruhi wakisha kuchukuliwa, na yaulizwe maswali matatu kwa hesabu ya kazi tatu za kiti: Je, viti vilibaki juu ya sakafu? Je, viliwashika watu wake? Je, vilibonyea, au viliwakataa kama jiwe? Majibu yako pale pale, katika vyuma vilivyolala kando ya njia, nayo husomeka na ye yote mwenye macho na futi ya kupimia. Siku ya mtu haina kinga, wala hapana aliyeonyeshwa ilipoandikwa. Kwa hiyo hapana mwenye haki ya kusema kwamba iliandikwa katika bolti iliyolegea.